Milioni Moja na Moja

Kijiwe cha kahawa cha Abasi, pale Mbugani, kilikuwa benchi moja lililotazamana na ukuta wa ghala la ushirika. Mwaka ule upepo ulipoezua paa la shule, Mwalimu Angetile alitufundishia pale, akaandika ukutani kwa wino wa magunia: 1,000,001. Akatugawia punje za kakao. Kumi na mbili zilikaa mistari mitatu ya nne nne. Kumi na tatu, upange vipi, moja inabaki nje. Akasema atakayeipanga namba ile mistari iliyo sawa amfuate amwonyeshe. Hakuna aliyemfuata. Sasa ilikuwa 1994, ghala limeuzwa, fundi anakoroga rangi, na Mwalimu yuko kwao Ndandalo, hoi kitandani. Yakobo, ambaye tangu darasa la sita tulimwita Profesa, alikuwa anamalizia kahawa aende kumwona.

— Leo namwambia haigawanyiki. Nimeijaribu kwa zote.

— Ya nini kujaribu? alisema Lameck, tuliyemwita Idhaa kwa kupenda redio. Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni ileile. Kitu hakina mbele wala nyuma, utakikatia wapi?

— Mbona ishirini na mbili iko hivyohivyo na inagawanyika? niliuliza.

— Hiyo ndogo, dada. Ndogo hazina msimamo.

Abasi alimimina.

— Tatizo ni masufuri. Matano, yote matupu. Ukipitisha kisu kinakata hewa.

— Wazungu wanaijua, alisema Lameck. Wanafungia nayo makabati ya dhahabu. Hata hao wataalamu wa ubinafsishaji, waliogawa shirika zima mpaka viti vya ofisini, hii ingewang'oa meno.

Yakobo hakucheka.

— Mimi sitanii. Nataka Mwalimu ajue kuna mmoja aliyeshika alichofundisha.

Mwishoni mwa benchi alikaa Keziya, mama wa vitenge kutoka Karonga, akisubiri basi la Mbeya.

— Samahani, kaka. Hizo zote ulizojaribu ni zipi?

— Mbili mpaka kumi na mbili.

— Na baada ya kumi na mbili?

Jedwali la kuzidisha nyuma ya madaftari yetu liliishia kumi na mbili, nasi tukajua hesabu zimeishia hapo. Mimi nilifika hadi chuo kikuu na sikuwahi kuuliza.

Yakobo aliweka kikombe chini.

— Fundi, anzia upande wa barabarani.

Akaomba kipande cha mkaa kwa Abasi, akapiga magoti chini ya namba ile. Kumi na tatu, akabakiwa. Kumi na saba, akabakiwa. Kahawa ikaisha, basi la Keziya likaondoka, kuta tatu zikawa nyeupe, naye bado anabakiwa. Alipofika mia moja na moja hakubakiwa na kitu. Mistari mia moja na moja, kila mstari punje 9,901.

Lameck aliinua mikono apige makofi, akauona uso wa Yakobo, akaishusha.

— Kumbe miaka yote hii Mwalimu alikuwa anatusubiri, alisema Yakobo.

Akamwambia fundi ndaga, asante ya kwetu, sasa apake. Kisha akapanda baiskeli kwenda Ndandalo, mikono ikiwa bado myeusi kwa mkaa.