Nicholaus Kapinga na Gari Lililoshuka Liuli Wakati wa Masika

Baba Paroko, Kasisi uliyepanda nasi kutoka Liuli, mama zetu mlioketi chini, wazee wetu wa pande zote mbili, shikamooni. Naitwa Hamphrey Kilian, mdogo wake Dorothy, mjane wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu kaka wa marehemu, mzee Ignatio Placidi, ambaye ndiye mwenye haki ya kusoma, ameniambia kwamba sauti yake imekataa tangu Jumanne, na kwamba shemeji akisoma angalau atathubutu kusema ukweli.

Marehemu Nicholaus Placidi Kapinga alizaliwa hapa Maguu tarehe 6 Desemba 1951, akiwa mtoto wa pili wa hayati mzee Placidi Kapinga na mama Walburga, ambaye tunaye hapa, na jina la Nicholaus alipewa kwa kuwa siku hiyo ni ya mtakatifu huyo. Mama Walburga anasimulia kwamba asubuhi ile ukungu uliingia hadi jikoni, na kwamba mtoto aliyemzaa humo alikua akiwa mtu wa kimya, mtu wa kutazama mbali, akitumwa kuni anarudi jioni mikono mitupu, akiulizwa anasema alikuwa akitazama ziwa, na kweli, kule juu nyuma ya mashamba ya mashimo mnayoyaita ngolo, ukungu ukiinuka, Ziwa Nyasa linaonekana chini kabisa, wala hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Alichapwa kwa ajili ya kuni hizo, lakini kesho yake alikwenda tena.

Alisoma Shule ya Msingi hapa Maguu kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, kisha akajifunza ufundi wa magari katika karakana ya misheni hadi mwaka 1971, na mwezi Februari 1972 aliajiriwa katika gereji ya chama cha ushirika mjini Mbinga, akitengeneza malori ya kahawa, kazi aliyoifanya pamoja na rafiki yake Bernadi, aliyeketi pale karibu na gari, mpaka gereji ile ilipofungwa mwaka 1994, wakati wanunuzi binafsi walipoanza kuja wenyewe mashambani na chama kikaishiwa nguvu.

Mwaka 1977 alitumwa Liuli kufufua lori lililokwama, akalifufua kwa siku moja, lakini akakaa wiki nzima, na sisi wa nyumbani kwa mzee Kilian tulijua ni kwa nini, maana kila jioni alikuja uani kwetu kuomba maji ya kunywa, kana kwamba ziwa lote lile halimtoshi. Alifunga ndoa na dada yangu Dorothy tarehe 17 Juni 1978, baada ya mazungumzo marefu kati ya Waanglikana wa kwetu na Wakatoliki wa huku, na Mungu akawajalia watoto watatu, Scholastica aliyezaliwa mwaka 1979, Glorious mwaka 1983, na Praygod mwaka 1988.

Ndugu waombolezaji, baba yetu alikubali ndoa ile kwa sharti moja tu, na sharti hilo ndilo lililomwendesha marehemu maisha yake yote. Katika nyumba yetu binti wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, kabla ya wana wa kiume, na Dorothy ndiye binti wa kwanza, hivyo baba akamwambia mkwewe kwamba mchukue, lakini siku ya msiba umlete, hata kama ni masika, na Nicholaus akaahidi mbele ya wazee, kwa wepesi wa kijana ambaye barabara ile alikuwa ameiona wakati wa kiangazi tu.

Gereji ilipofungwa, yeye na Bernadi walinunua Landrover chakavu, wakaanza kubeba kahawa, na mwezi Novemba 1994 marehemu akapata tairi kubwa, namba 900, badala ya zile 750 za kiwandani, akakata madigadi ili ziingie, akazifunga, na kijiji kizima kikatoka kutazama, gari limesimama juu kama ng'ombe dume, watu wakasema sasa matope yamekwisha. Hapo fundi wetu alikosea, na Bernadi ameniruhusu niseme walikosea wote wawili, maana walilirefusha gari miguu wakaliachia gia zilezile na ekseli zilezile, na kwa kuwa ardhi ilikuwa kavu na gari tupu, lilikwenda vizuri, wakashangiliwa, nao wakaamini.

Baba yetu Kilian alifariki tarehe 21 Machi 1995, mvua ikinyesha mchana na usiku, na habari ilipofika Maguu, Nicholaus alimpakia mke wake palepale, lakini katika mlima wa kwanza tu injini ilielemewa, maana tairi kubwa huzunguka kwa hatua ndefu na gia ilikuwa imepimwa kwa tairi za hatua fupi, magurudumu yakateleza, yakaja yakashika jiwe kwa ghafla, na ekseli ya nyuma ikakatika kwa mlio ambao Dorothy anasema anausikia mpaka leo. Walitembea kwa miguu, wakalala njiani, na walipofika Liuli kaburi lilikuwa limeshafunikwa, udongo wa kwanza ukiwa umetupwa na mimi. Mama yetu Lidia hakumtukana mkwewe, kwa heshima, ila aliuliza hewani, sote tukisikia, kwamba hawa watu wa juu wameoa au wameficha mtu, na akasema mguu wake hautakanyaga Maguu.

Shemeji alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine, hali akashiba, halali akatulia, na Dorothy anasema usingizini alikuwa akitaja gia, akinyoosha mkono gizani kama anaibadilisha, na asubuhi anakaa kilimani kwake akitazama ziwa, huku kahawa ikimngoja. Kisha akaanza kazi. Alieleza kwa maneno mepesi, hata mimi mvuvi nikaelewa, kwamba tairi likiwa kubwa lazima injini izunguke zaidi ili tairi lizunguke kidogo, na kwamba ekseli lazima iwe nene kuliko ile ya kwanza, ama sivyo nguvu yote inaishia kwenye chuma chembamba nacho kinakatika. Alipata ekseli ya nyuma ya gari zito huko Litumbandyosi, katika vyuma vilivyoachwa na watu wa barabara, ikiwa na difu, lile bonge la gia la katikati, zito kama alivyotaka, lakini ya mbele haikuwepo, na mbele na nyuma zisipolingana gia, gari linagombana lenyewe kwa lenyewe, kwa hiyo Landrover ikakaa juu ya mawe karibu mwaka mzima, kuku wakatagia ndani, mama Walburga akaanika maharage juu ya boneti, na sisi mashemeji tukatuma salamu kuuliza kama nyumba hiyo mpya imeshapata mpangaji. Yeye alicheka na sisi, akazidi kutafuta, na ya mbele akaipata Njombe, akaibeba juu ya lori la mbao.

Alipomaliza, mwezi Oktoba 1997, gari lilipanda ukuta, lakini katika tambarare lilikuwa zito, vipikapu vya Kijapani vya wanunuzi wa kahawa vilimpita vikimpigia honi, na kazi nyingi zikaenda kwa wengine, naye alijua tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo. Alisema simba mwendapole ndiye mla nyama, ingawa nyama yenyewe, nasema ukweli kama nilivyoagizwa, hatukuiona mezani kwake mara nyingi.

Kisha zikaja mvua za El Nino, madaraja yakaondoka, kutoka Mbamba Bay hakuna gari lililofika kwetu kwa majuma mengi, na tarehe 24 Januari 1998, siku ya Jumamosi, tukiwa tunaanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, katika jua dogo lililochomoza, tulisikia injini. Mama Lidia aliacha usipa akajishika kichwa, akaanza kulia, maana ni nani ashuke ziwani wakati kama ule asiyebeba msiba, majirani nao wakaja mbio wakilia, wengine wameshajifunga khanga kiunoni, na gari likatokea kwenye mchanga, limepakwa matope mpaka kwenye kioo, likasimama, Dorothy akashuka, akapiga magoti mbele ya mama, akasema, "Shikamoo mama, hakuna msiba, tumekuja kukusalimia." Watu wakacheka, halafu mama akalia upya, kilio kingine kabisa, na Nicholaus hakushuka, alibaki nyuma ya usukani akitazama maji, mpaka mama mwenyewe alipoagiza mkwe apikiwe samaki mbasa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Agosti 1998, akatibiwa Liuli na baadaye Mbinga, ambako alifariki Jumanne iliyopita, tarehe 9 Machi 1999, saa kumi na moja alfajiri, Dorothy akiwa amemshika mkono. Wazee wa Maguu walitaka azikwe Jumatano, kama ilivyo kawaida, lakini mzee Ignatio aliomba kaburi lingoje, Bernadi akalishusha gari ziwani katika mvua, akarudi na watu, akashuka tena kuwachukua waliobaki, na ndiyo maana leo Ijumaa tupo hapa watu wa Liuli, na mama Lidia amekanyaga Maguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Liuli na Mbinga, majirani mliolala hapa na mliopika, mafundi wenzake wote, na kipekee Bernadi, ambaye hajalala, na ninyi wazee mliokubali kungoja, jambo hilo tumelipokea na tutawasimulia wa kwetu.

Tangazo la mwisho ni la safari ya makaburini. Jeneza litapanda gari la marehemu mwenyewe, na Bernadi atatumia gia ya chini kabisa, ambayo gari linajiendea nayo taratibu bila mguu kukanyaga mafuta, kwa hiyo msikimbie wala msisukumane, mama Walburga na mama Lidia watatangulia wameshikana mikono, gari litafuata nyuma yao kwa mwendo wao wa kizee, na leo hakuna atakayechelewa. Shemeji, umetufikisha sote, pumzika kwa amani.