Kazi ya Pyo Gil-sang, Mpiga Video wa Misiba Yetu

Ndugu waombolezaji, historia hii ninayowasomea mimi Elimringi, shemeji wa marehemu, imeandikwa mara tatu ndani ya siku nne, kwa hiyo mkisikia mahali inajikanyaga mtuvumilie, hata sisi familia tumechanganyikiwa.

Marehemu Pyo Gil-sang, ambaye wengi mlimwita Mzee wa Video, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mjini Gunsan, Korea Kusini, kwa mujibu wa pasipoti, ingawa dada yake aliyeko huko anashikilia kuwa pasipoti imekosea mwaka mzima. Alisoma Gunsan hadi sekondari, na mwaka 1978 akaenda Seoul kusomea fasihi.

Kwenye kazi ndipo tulipokwama. Rasimu ya kwanza ilisema alikuwa mpiga video wa harusi na misiba, Houston na Dallas, basi. Dada yake aliposomewa kwa simu aliangua kilio, akatuambia kuwa mdogo wake aliandika na kuongoza filamu tatu, kati ya mwaka 1991 na 2001, watu wakazipangia foleni, kisha mwaka 2003 akaja Dallas kutafuta mandhari ya filamu ya nne, asirudi tena.

Alikutana na dada yangu Flaviana, muuguzi, kwenye harusi ya watu huko Arlington, wakafunga ndoa tarehe 9 Juni 2007 hapa Houston, wakahamia Katy, wakajaliwa binti mmoja, Shalom, mwaka 2009. Flaviana alijua mumewe aliwahi kufanya kazi kwenye filamu, akadhani alikuwa mbeba taa, na tangu simu ile anajiuliza kama ni yeye aliyemkatisha mtu kazi yake. Wifi yake, huyo dada wa marehemu, alitaka tuandike kuwa uongozaji uliishia 2003.

Marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho Agosti 2024, akafariki tarehe 2 Februari 2025, akiwa na miaka 65, au 66 kwa hesabu ya dada yake.

Juzi Shalom alifungua kompyuta ya baba yake kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, akakuta kila msiba aliotupigia ameuhariri upya kwa ajili yake mwenyewe, jeneza halimo, mna nyuso zenu tu mkisikiliza historia kama hivi, na mwishoni maandishi ya Kikorea, ambayo dada wa marehemu alitutafsiria kwa simu: imeandikwa na familia, imeongozwa na Pyo Gil-sang. Kwa nini hakutuambia, hatujui. Flaviana alilia, kisha akasema, "Kaka, usiandike aliacha."

Basi, kazi: mwongozaji wa filamu, 1991 hadi 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Katy, wafanyakazi wenzake Flaviana, na Watanzania na Wakenya wote mliofika.

Shemeji, ulizoea kunipungia mkono nyuma ya kamera nisome polepole, ili waliobaki Moshi, watakaotumiwa video, wanisikie. Leo nimeinua macho mara nne kuutafuta mkono huo, na nadhani nimesoma haraka mno. Nisamehe. Pumzika kwa amani.