Mama Zima Kwanza Aukabidhi Msumeno

Tangazo kwa wafanyakazi wote, wa karakana na wa ofisini, kwa heshima na taadhima: kuanzia Jumatatu hii, redio ya karakana, iliyonyamazishwa miaka thelathini na mmoja iliyopita, imeruhusiwa rasmi kuendelea kunyamaza. Walioleta betri mpya wazirudishe nyumbani. Aliyeipiga marufuku amestaafu, ni kweli, lakini aliyemrithi ameipiga marufuku upya kabla hata hajazoea kuitwa bosi.

Ndiyo, jamaa zangu, limetimia. Mama Zima Kwanza, mwendesha msumeno wa meza wa karakana yetu, alistaafu Ijumaa tarehe thelathini Juni baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kuandika wasifu wake nimepewa mimi, mtunza stoo, kwa sababu mbili. Kwanza, stoo na karakana zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo nimemsikia kuliko mtu yeyote. Pili, siku kazi hii ilipogawiwa sikuhudhuria kikao.

Hakuajiriwa kwa ajili ya msumeno. Aliajiriwa kupaka vanishi. Aliyekuwa kwenye mashine siku hizo alikuwa fundi hodari, lakini akiagiza vikombe vitano vya chai kwa kunyoosha mkono, analetewa vitatu. Bwana huyo alipoacha kazi, msumeno ukabaki yatima. Mafundi wote wakaugua ghafla: huyu mgongo, yule macho, mwingine presha iliyokuwa ikipanda kila alipoulizwa. Mama akaifuta mikono yake vanishi, akaizunguka ile mashine mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akauliza swali moja. Hakuuliza inawashwaje. Aliuliza inazimwaje.

Jina likazaliwa hapo hapo, na halijambanduka mpaka leo. Hata hati za mshahara nusura ziandikwe hivyo.

Walioingia karakanani kwa mara ya kwanza hawakupokewa na Mama, walipokewa na msumari. Aliugongomelea mlangoni kwa mkono wake, na hapo ndipo walipotundika kila kinachoning'inia mwilini: tai, skafu, bangili, saa, mkufu, pete. Glavu nazo, maana diski ya msumeno ikinasa uzi mmoja wa glavu inavuta mkono mzima. Mkaguzi wa bima alikuja siku moja amevaa suti ya kuzungumza na mawaziri. Alipovuka mlango alikuwa amebaki kama mtu anayekwenda kuoga. Akakunja mikono ya shati, akavalishwa miwani na vizibo vya masikio, akakagua kwa unyenyekevu ambao bima haijauonyesha tena. Pete yangu ya ndoa iliwahi kusahaulika kwenye msumari huo, mke wangu akapiga simu. Hakunipigia mimi. Alimpigia Mama, akamwambia, "Shoga, akija kuichukua mwambie aje na maelezo."

Asubuhi zake zilikuwa ibada. Kabla ya kuugusa msumeno alichomoa plagi ukutani na kuilaza juu ya meza, mbele ya macho yake, kwa hoja isiyopingika: plagi ukiiona hapa, basi haiko kule. Kisha akashika skwea, akaisimamisha kando ya diski kuona kama imenyooka wima. Akapima reli inayoelekeza mbao, mbele na nyuma, maana reli ikibana nyuma hata kwa unene wa kucha, mbao inakwama. Akahakikisha kile kibapa cha chuma kimesimama nyuma ya diski, kinachouzuia mkato usijifunge. Mwisho akapandisha diski mpaka meno yazidi unene wa mbao kidogo tu. "Jino lichungulie," alikuwa akisema, "lisitoke nje kuota jua." Halafu kijiti cha kusukumia kikae karibu na mkono, kifuniko kishuke, na yeye asimame pembeni. Pembeni, si nyuma ya mbao.

Hilo la kusimama pembeni mimi nina ushahidi wake. Karakanani kwetu mbao inaponaswa na diski na kurushwa nyuma inaitwa "shukrani", kwa kuwa shukrani ya punda ni mateke. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa fundi mwanafunzi. Nilisimama nyuma ya mbao kifua mbele, kama ninayepigwa picha. Mama alinivuta ukosi, na sekunde ile ile shukrani ikapita mahali lilipokuwa tumbo langu, ambalo siku hizo lilikuwa dogo na rahisi kukosewa, ikaenda kuivunja saa ya ukutani. Kabla ya chai nilikuwa nimehamishiwa stoo kwa manufaa ya umma.

Sheria yake kuu, hata hivyo, ilikuwa ya midomo. Diski inapozunguka, aliye mashineni hasemeshwi. Awe anaitwa na mkurugenzi, awe amepata mjukuu, awe ameshinda bahati nasibu: zima kwanza, diski isimame kabisa, ndipo useme. Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa, tulipanga mstari mbele yake tukicheka na kurukaruka bila sauti kama samaki ndani ya chupa, mpaka alipomaliza mbao mbili na kuuliza tumepatwa na nini. Mumewe, fundi cherehani, mtu mpole kama pamba, anasema hata nyumbani mtu akikata kitunguu familia nzima inanyamaza.

Kwa mikono hiyo zimekatwa mbao za madawati, milango, rafu za maktaba, vitanda vya wagonjwa na ile meza ya kikao ambayo wakubwa huipiga ngumi wakikosa hoja. Na katika miaka yote hiyo kila aliyeingia na vidole vyake alitoka navyo. Wengine hawavitumii kwa kazi yoyote ya maana, mimi nikiwemo, lakini tunavyo.

Sasa tuje kwa Baba Pacha.

Baba Pacha ni fundi mtu mzima, mwenye mapacha watatu, ambao ndio waliompa jina na mvi. Amefundishwa na Mama kwa miaka, na mkono wake kwenye mbao unapendeza kuutazama. Meneja alikuwa ametamka wazi: Mama akistaafu bila kumpitisha mtu, msumeno utafunikwa turubai na mbao zitapelekwa kukatwa nje. Baba Pacha angerudi kwenye msasa, kusugua viti tangu asubuhi hadi jioni. Na Mama, aliyewapitisha watu wengi kwenye randa na keekee, alikuwa hajamwambia Baba Pacha ile "sawa" yake ya kumpitisha fundi hata mara moja.

Kosa lake lilikuwa moja, na lilikuwa la adabu. Katikati ya mkato, Baba Pacha alikuwa akiinua macho kumtazama Mama, kama mtoto anayesoma kwa sauti na kumwangalia mwalimu kila baada ya mstari. Mama anageuka kimya, anazima. "Diski iko chini, mwanangu. Mimi sikati."

"Ndiyo, Mama," anajibu Baba Pacha, huku anamtazama.

Mkilitafakari hilo, mtaona ugumu wake. Mama alisimama kulia, macho yakaenda kulia. Akasimama nyuma, shingo ikazunguka. Akatoka nje, tukamwambia Mama kwamba asipokuwepo Baba Pacha hatazami popote, anakata kama malaika. Mama akatujibu kwamba hapitishi mtu kwa kusimuliwa. Kwa hiyo mtu yule alikuwa fundi kamili pale tu ambapo hakuna wa kumwona.

Wiki ya mwisho ilifika hivyo. Sisi tukaamua kumtengenezea Mama zawadi kwa siri, kiti cha kuegemea, na mkataji awe Baba Pacha. Jumanne Mama alipokwenda kufuatilia mafao yake, tukakata mbao za mgongo wa kiti, ambazo kingo zake zinataka mshazari. Diski ikalazwa kidogo. Tukakata, tukafagia, tukaficha. Tulirudisha kila kitu mahali pake isipokuwa diski yenyewe.

Jumatano asubuhi Mama akasimamisha skwea yake. Karakana nzima ikainama kutafuta misumari sakafuni.

"Nani ameilaza diski hii?"

Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya elimu yetu. Mpaka rangi akasema labda ni paka. Fundi wa milango akasema alihisi kama tetemeko la ardhi, dogo, la upande huu tu. Mimi nilieleza kwamba chuma hutanuka kwenye joto. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Mama alinitazama vile anavyotazama mbao mbichi. Baba Pacha akawa anamtazama tu, na sote tukamwona Mama akikunja uso na kuirudisha diski wima. Tukajua amekwisha kumhukumu: si macho tu, sasa ni mzembe na msiri pia. Na hatukuweza kumtetea bila kuitoboa siri ya kiti.

Ijumaa ikawa sherehe. Hotuba zilikuwa ndefu, soda zilikuwa za moto, meneja alilivuta turubai, na kiti kikaonekana: kimesuguliwa mpaka kinang'aa, mbao za mgongo zimekaa bega kwa bega bila hata nafasi ya kupitisha wembe. Mama alishika mdomo. Akakikalia, akaegemea, akapapasa mikono yake ya mbao. Kisha akainuka, akachukua kile kijiti cha kusukumia, akamkabidhi Baba Pacha mbele ya watu wote na kusema, "Sawa."

Mmoja tu katika mapacha wake, walioalikwa sherehe, alielewa umuhimu wa neno hilo, naye alilia. Wengine wawili walikuwa kwenye soda. Baba Pacha alijaribu kutoa shukrani, zile za maneno, akashindwa.

Tangu Ijumaa hiyo inasimuliwa hapa kazini kwamba Mama alizidiwa na furaha ya zawadi, moyo ukalainika, akampitisha mtu kwa huruma. Nimesikia hata ofisini wanasema. Basi, kabla sijalinyoosha hilo, niseme lililo letu sote. Mama, ahsante kwa vidole vyetu. Ahsante kwa kutuvuta kola bila kutuomba radhi. Keti kwenye kiti chako, mzee wetu wa cherehani akuletee chai, wajukuu wakusemeshe wakati wowote wapendao, na siku zako ziende taratibu, laini, bila fundo.

Sasa ukweli, maana nilikuwepo.

Alhamisi Mama aliaga tena kwamba anafuatilia mafao. Tulikuwa tumebakiza mbao za mikono ya kiti. Mimi nilikuwa mlinzi: nikae kwenye kidirisha cha stoo kinachotazama karakana na mlango mkuu, nikimwona Mama anarudi nipige mluzi. Nilimwona. Alikuwa ameketi kwenye gunia la misumari nyuma yangu.

Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Kilichobaki kwenye mdomo wangu hakikuwa mluzi, kilikuwa upepo. "Jumatano niliupima ule mshazari," akaninong'oneza. "Ni mgongo wa kiti huo, Bwana Stoo. Mnadhani mimi nimezaliwa juzi? Sogea."

Tukabanana kwenye kidirisha kile, vumbi tele, yeye mbele na mimi nyuma na tumbo langu katikati. Kule ndani Baba Pacha aliilaza plagi mezani, akapima, akarudisha plagi, akawasha, akaacha diski ishike kasi, akaanza kusukuma mbao ya mwisho. Ilikuwa nzuri mpaka katikati. Kisha mlio ukabadilika. Nyuzi za ndani ya mbao zilikuwa zimejikunja, mkato ukaanza kujifunga hata kile kibapa kikashindwa kuutanua, na mbao ikaanza kutetemeka. Shukrani ilikuwa njiani.

Nilifungua mdomo kupiga kelele. Mkono wa Mama ukaufunika, mkavu na mgumu kama ubao. Mafundi waliomzunguka Baba Pacha hawakutoa hata pumzi. Naye hakuinua macho. Hakuvuta nyuma, hakulazimisha mbele. Aliikandamiza mbao mezani kwa kijiti, akiwa pembeni, akagonga kitufe cha kuzimia kwa goti, akangoja. Diski ikaendelea kuzunguka, ikapunguza, ikajivuta, ikasimama. Hata hapo akangoja kidogo. Kisha akachomoa plagi, akailaza mezani, akapachika kabari ndani ya mkato, na ndipo mtu wa kwanza alipothubutu kukohoa.

Mama aliondoa mkono wake mdomoni mwangu, akaufuta kwenye shati langu. Macho yalikuwa yamemlowa, nami sitasema ni vumbi. Akasema "Sawa," kimya kimya, kwenye kioo.

Hiyo ndiyo sawa yenyewe. Ya Ijumaa ilikuwa marudio, na ule mshtuko wa zawadi ulikuwa wa kuigiza: mwenye kumbukumbu atakubali kwamba alishika mdomo kabla meneja hajaligusa turubai.

Alipokuwa anatoka kwa mlango wa nyuma nilimuuliza kwa nini asiende akamwambie sasa hivi, mtu wa watu hajalala wiki nzima. Akaniambia, "Usithubutu. Ukimwambia, ataanza kukitazama kidirisha chako."

Nimetii hadi amevuka geti. Leo unasoma, Baba Pacha, na huna haja ya kugeuza shingo. Kidirisha nimekipaka rangi, mara mbili, upande wangu.