Mvua ya Mzee Odero

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2007, Mzee Lazarus Odero anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya filamu kwa miaka ishirini na minane. Nimepewa ukurasa huu wa ratiba ya sherehe ya kumuaga kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye stoo moja muda mrefu zaidi, yeye na mipira yake ya maji, mimi na kanda zangu za video. Nimeombwa niandike ya kufurahisha. Nitajaribu.

Alianza mwaka wa 1979 kama mbeba taa. Baadaye akawa fundi wa kila kitu ambacho mtazamaji hukiona bila kujiuliza kimetoka wapi: moshi, vumbi, ukungu. Ukungu wake wa kwanza uliwaleta wazimamoto mbio hadi kwenye maduka ya Adams Arcade, tulikokuwa tukipiga filamu, na ikabidi awanunulie chai wote wanane.

Lakini kazi yake kubwa ni mvua. Mwaka wa 2003 wageni walikuja kupiga filamu katika bustani moja Kitisuru, wakati wa kiangazi, na mtaalamu wao wa mvua akachelewa siku tisa. Mzee Odero hakumsubiri. Alitoboa mipira ya maji kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko, akaifunga juu ya matawi, akapanda ngazi mwenyewe. Matone hayakuonekana kwenye kamera, basi akamwaga maziwa ndani ya tangi ili yaonekane. Mara ya kumi na moja mvua ilikuwa mvua kweli, hata msichana wa kazi wa jirani akakimbia kuanua nguo.

Mimi nilikuwa pembeni na kamera ndogo, nikirekodi yanayofanyika nyuma ya pazia. Kazi hiyo hakuna aliyeiheshimu. Mkurugenzi wetu, Bwana Kihara, alikuwa akiniuliza, "Sasa Debra, ni nani atakaa chini aangalie watu wamebeba ngazi?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Filamu ilipotoka, jina lililowekwa kwenye mvua lilikuwa la yule mtaalamu. Alipewa hata tuzo. Mzee Odero hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Si kanda iko?"

Mwaka jana chuo kimoja kilitafuta mwalimu wa kufundisha ufundi huo wa mvua na moshi wa filamu. Mzee hana cheti, na hakuna kazi aliyoitamani kama hiyo. Walimwambia alete ushahidi. Akaja stoo amevaa koti la Jumapili. Niliitoa kanda, nikaitia kwenye mashine, ikatokea harusi ya binti ya Bwana Kihara, huko Lavington. Wiki ile ya harusi kanda mpya zilikuwa zimeisha, nikaambiwa nichukue yoyote isiyo na maana, na mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, nikachagua hiyo. Mzee aliitazama hadi mwisho, akitumaini mvua imebaki huko nyuma. Haikubaki. "Keki ilikuwa kubwa," akasema, akachukua kofia yake. Kazi ya chuo alipewa mtu mwingine.

Nina hasira, na nusu yake ni juu yangu. Sura za waigizaji tunazihifadhi nakala tatu tatu, lakini mikono iliyowanyeshea mvua tunaifuta. Anayetaka kujifunza leo atajifunzia wapi? Filamu yenyewe haisemi lolote kuhusu msumari wala maziwa.

Leo alasiri nitamrekodi Mzee Odero kwenye kanda mpya kabisa. Tukimaliza, nitavunja kile kidude cha plastiki kilicho ukingoni mwa kanda ili mtu asiweze kurekodi kitu kingine juu yake. Hiyo ndiyo kanda pekee ya Mzee tutakayobaki nayo, na itamwonyesha amevaa tai, akikata keki.

Asante, Mzee, kwa miaka yote. Nenda salama nyumbani Ugenya, upumzike na Mama, na mvua ya huko ikunyeshee shamba bila wewe kupanda ngazi. Siku ile ya koti la Jumapili sikukuomba msamaha. Nakuomba sasa, mbele ya wote.

Debra Waithera
Stoo ya Kanda