Koti Chini ya Mwerezi

Mchungaji, mashemasi, akina mama wa kanisa, ndugu na jirani mlioketi na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia ya Yancey inawashukuru kwa kuja kumsindikiza mpendwa wetu Royal Ezekiel Yancey, na ninyi wawindaji wenzake, mliokuja na bunduki yake ya zamani mkaiegemeza pale mlangoni ili muipige kaburini kwa heshima yake, tunawaomba msikilize mpaka mwisho, maana tuna ombi kuhusu bunduki hiyo, na mkewe Arneatha amekuja hapa leo akiihofia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1942, siku ya Jumamosi, kando ya kijito cha Sandy Fork, Kaunti ya Mecklenburg, jimbo la Virginia, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu Clement Yancey na marehemu Lottie, waliolima tumbaku kwenye ardhi ya watu, na mkunga aliyempokea alimtazama akasema, "Lottie, huyu na masikio haya atasikia mbwa kabla mbwa mwenyewe hajajua kama atabweka."

Alianza masomo mwaka 1948 katika shule ya chumba kimoja ya watoto weusi, akisoma ile miezi ambayo tumbaku haikumhitaji, na alikuwa darasa la nne lilipotokea jambo ambalo katika familia yetu halisemwi mezani, ila leo tutalisema, kwa kuwa asiyelijua hawezi kumjua Royal wala mkewe. Tarehe 22 Novemba 1951, Siku ya Shukrani, baba yake Clement alikwenda na ndugu yake Otho na mbwa wanne kwenye kile kichaka cha miiba nyuma ya mwerezi, hicho hicho kinachopakana na makaburi ya kanisa letu. Mnajua wenyewe kwamba sungura hakimbizwi na mtu, hukimbizwa na mbwa, naye huzunguka, akazunguka, akarudi palepale alipoinuliwa, na kazi ya mtu ni kusimama mahali alipopangiwa na kungoja mzunguko ufunge. Clement hakungoja, alimsikia mbwa mmoja akilia kwenye waya, akaiegemeza bunduki yake kwenye uzio, akaingia vichakani kumnasua, na Otho akaona nyasi zinatikisika, akapiga.

Nyumbani Lottie alikuwa akikanda unga wa mikate, akasikia mlio, akasikia mbwa wamenyamaza, akasema, "Haya, wamepata, nileteeni sufuria," kisha akamsikia Otho analiita jina la ndugu yake, akaliita tena, na tena, akaketi sakafuni na unga wake mikononi, watoto wakimtazama. Tangu siku hiyo hofu ilikaa katika nyumba ile kama mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza anaondoka lini.

Marehemu alimaliza darasa la kumi na mbili mwaka 1960, na mwaka huohuo akaajiriwa kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akakitumikia mpaka alipostaafu mwaka 2004 akiwa na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo wenzake wachache tu walijaliwa. Siku aliyopata mshahara wa kwanza mama yake alitoa uvunguni ile bunduki ya Clement, ya mitutu miwili, mitambo yake iko nje, mitutu imesokotwa kwa nyuzi za chuma na chuma cha pua hata ina michirizi kama mkeka, bunduki ambayo ilikuwa kongwe hata Clement alipoinunua, akamwambia, "Hii haikumuua mtu, baba yako aliiacha kwenye uzio, ichukue, lakini ukiondoka mahali pako hata hatua moja, usirudi kwangu."

Bunduki ile haikuweza baruti kali, ingepasuka mkononi, kwa hiyo rafiki yake wa miaka yote, Shemasi Purnell Hite, alimjazia risasi dhaifu kwa mkono, mezani jikoni kwake, huku akimchokoza, "Royal bwana, gobore lako likipiga, sungura anacheka kwanza ndipo anakufa," na marehemu akimjibu, "Na lako jipya likipiga, anakwenda zake kuchekea kwao."

Tarehe 12 Juni 1965, katika kanisa hili, marehemu alifunga ndoa na Arneatha Boyd, aliyekuwa mpishi wa shule, binti wa mjini asiyejua kichaka ni kitu gani, na siku hiyohiyo ya harusi, akiwa bado na maua kichwani, mama mkwe alimvuta pembeni akamwambia, "Mwanangu, wakienda kuwinda wewe sikiliza mbwa. Bunduki ikilia na mbwa wakanyamaza, wamepata sungura. Ila mbwa wakinyamaza na mtu akaanza kuita jina la mtu, teleka maji, toa shuka safi, wala usikimbilie huko, utakachokiona hakitatoka machoni." Arneatha alisikia maneno hayo akiwa na miaka ishirini na moja, na hakuyaacha. Walijaliwa watoto wawili, Clementine aliyezaliwa mwaka 1966 na Weldon aliyezaliwa mwaka 1969, na wajukuu watano.

Kila Jumamosi ya msimu, Royal alipokwenda na mbwa wake wa beagle, wale wafupi wenye masikio ya kufagia umande, Arneatha alisimama barazani na aproni yake, baridi iwe baridi, akisikiliza. Marehemu alikuwa na sheria yake, nanyi wawindaji mnaijua, kwamba mtu asiingize risasi kabla kila mmoja hajataja jina lake na mahali pake kwa sauti, na sauti hizo zilifika mpaka barazani, "Royal, niko mwerezini!" na "Purnell, niko langoni!" na baada ya hapo hakuna kusogea, alikuwa akiwaambia wageni, "Hata mbwa akilia, hata ukimwona Yesu anakuja, mwambie yeye ndiye apishe." Arneatha alizipokea sauti zile kama watu wanavyopokea sala, kisha zikaja sauti za mbwa zikizunguka, kisha mlio, kisha ule ukimya, na katika ukimya ule alikufa na kufufuka kila juma kwa miaka hamsini na mitatu.

Alimwambia mara nyingi, "Royal, kuku wapo, mbona wanatosha?" naye akamjibu, "Kuku hajui kuzunguka, Neetha, kuku anasimama tu anakuangalia," na jioni Arneatha akawapika sungura hao kwa vitunguu na mchuzi mzito, huku vidole vyake vikipapasa nyama kutafuta marisau, zile punje za risasi, na kila punje aliyoipata aliiweka kwenye kisahani, ikalia ti, akamshukuru Mungu kwamba imeingia kwa sungura. Lakini yeye mwenyewe, kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kukanyaga kichaka kile.

Kuhusu ugonjwa, mnamo tarehe 19 Januari mwaka huu wa 2019, siku ya Jumamosi, hali ya hewa ikiwa ya mvua ya barafu, marehemu alikuwa mahali pake mwerezini, mbwa wake mmoja tu aliyebaki, Mabel, akimzungushia sungura, na sungura alipotokea akavuta kifyatulio, bunduki ikalia kidogo tu, ta, kwa sababu risasi ilikuwa imeingia unyevu. Akaishusha bunduki, mitutu ikatazama chini, akiwa mtu wa miaka sabini na sita aliyechoka mikono, na palepale risasi iliyochelewa ikatoka, ikachimba udongo karibu na sikio la Mabel aliyekuwa amefika miguuni kwake. Haikumgusa, lakini Mabel alilia kama mtoto, akaingia miibani, na hakurudi.

Arneatha alisikia kutoka barazani, bunduki, ukimya, kisha sauti ya mtu inaita jina, akageuka kwenda kuteleka maji, mpaka aliposikiliza vizuri akatambua kuwa sauti ni ya Royal, na jina ni la mbwa.

Wawindaji wa kwetu mbwa akipotea humwachia koti, pale alipoachiliwa, ili akirudi akute harufu ya mwenye mbwa alale hapo. Marehemu alivua koti lake la turubai lenye jasho la miaka mingi, akalitandika chini ya mwerezi, kisha badala ya kurudi nyumbani akaendelea kumwita Mabel akiwa na shati na fulana tu, mvua ile ikimwingia, mpaka Shemasi Purnell akamshika mkono akamwambia, "Mzee, twende, koti limebaki kukufanyia kazi ya kungoja." Kesho yake baada ya ibada akarudi tena, Arneatha akamkimbilia na koti lake la Jumapili, lililotunzwa kwa dawa ya wadudu walao nguo, akalikataa, akisema, "Linanuka dawa ya nondo, Mabel atadhani ni Mchungaji anakuja kuomba sadaka." Tulicheka siku ile, Mchungaji utusamehe.

Tarehe 23 Januari alipelekwa hospitali, wakasema ni nimonia, mapafu yote mawili. Kila aliyeingia kumwona alimuuliza swali moja, nani amekwenda kutazama koti, na Shemasi Purnell aliposema ni yeye, marehemu akatikisa kichwa, "Wewe unanuka baruti, hatakukaribia," akamgeukia mkewe, "Nenda wewe, Neetha, wewe unanuka jiko letu."

Ndugu waombolezaji, Arneatha alikwenda. Alifika ukingoni mwa kichaka kilichomchukua baba mkwe wake, akasimama, na kwa kuwa hakujua afanye nini akafanya kile alichokisikia miaka yote, akapaza sauti, "Arneatha, niko mwerezini!" ingawa hapakuwa na mtu wa kumjibu, kisha akaingia. Koti lilikuwa jeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, tangu kola hadi pindo, maana hakuna mbwa aliyelilalia. Jioni hospitalini marehemu akamuuliza, "Lote?" mkewe akamjibu, "Lote," mumewe akasema, "Basi rudi kesho," naye akarudi kesho, na kesho yake, na lilikuwa jeupe lote, akaogopa kwenda na akaogopa zaidi kurudi kumwambia. Jumapili tarehe 27, kwa pumzi iliyobaki, marehemu alimwambia, "Msiliondoe mpaka aje, mimi ndiye niliyemtisha," na alfajiri ya Jumatatu tarehe 28 Januari 2019 Bwana akamwita.

Weldon alitaka koti lile tumzike nalo baba yake, na sote tulikubali, hata Arneatha alikubali, kwa kuwa alikuwa amechoka kuogopa. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, akaenda kulichukua, na ndiyo sababu viatu vyake vina matope, msimseme. Sakitu ilikuwa imelifunika koti zima isipokuwa katikati, ambapo palikuwa na duara, ukubwa wa mbwa mdogo aliyejikunja. Akaweka kiganja chake hapo, pakawa na joto. Kisha ndani ya miiba nyasi zikatikisika, karibu kabisa, na mwili wote ukamwambia akimbie, maana ndivyo nyasi zilivyotikisika kwa Otho, lakini alikumbuka maneno ya mumewe, akabaki mahali pake, hakusogea, hakuita, mpaka nyasi zikatulia. Akaondoka taratibu akaliacha koti.

Kwa hiyo marehemu tunamzika na suti yake ya Jumapili, ile yenye dawa ya nondo, tunaamini atatusamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, jirani zetu wa Sandy Fork walioleta vyakula hata jokofu likakataa kufunga, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha mbao, Mchungaji na kanisa zima, na Shemasi Purnell Hite, ambaye tangu siku ile hajalala akijilaumu kwa risasi iliyoingia unyevu, naye tunamwambia mbele ya wote maneno aliyoyaacha marehemu, "Mwambieni Purnell ilikuwa mvua."

Na sasa ombi letu. Kutoka kaburini hadi mwerezini ni uzio mmoja tu katikati, na bunduki mliyoileta ndiyo hiyohiyo iliyomkimbiza Mabel. Tunawasihi msiipige. Leo isilie bunduki yoyote, wala honi ya gari, na bunduki ya Clement ibebwe imefunguliwa kwenye bawaba, mitutu mitupu, Weldon ataishika. Badala ya mlio, kila mwindaji akifika ukingoni mwa kaburi ataje jina lake na mahali pake, kwa sauti ya kawaida, kisha anyamaze, na tukimaliza tuondoke kwa miguu polepole, Arneatha atabaki nyuma peke yake kumngoja Mabel, yeye amesema haogopi, sisi tunajua anaogopa, na atabaki hivyohivyo.

Royal, mwana wa Clement, umetaja jina lako na mahali pako tumesikia. Usisogee. Sisi ndio tunaozunguka, na mzunguko utafunga hapo ulipo.

Pumzika kwa amani.