Namba Arobaini na Moja

Kaa hapo mwisho wa benchi, ndugu yangu. Kiatu kimoja bakia nacho mguuni, hicho kingine nipe mimi. Gundi hii haikauki kwa kusukumwa, na mimi nina kosa langu la kukusimulia, bora likuingie wewe sikioni kuliko liendelee kuniozea kifuani. Nilidanganya watu wawili. Sikusukumwa na njaa wala sikutishwa na mtu. Niliwadanganya mchana kweupe, siku ya Jumamosi, na asubuhi yake nilikuwa nimetoka kusali. Miaka miwili sasa, kila nikipiga magoti, nikifika pale pa kuomba msamaha naparuka kama mtu anayeruka dimbwi.

Hapa petu pako hivi. Benchi hili nililitengeneza mwenyewe kwa mlango wa zamani, ndiyo maana lina tundu la kitasa pale katikati na hakuna anayekubali kukaa juu ya tundu hilo. Linachukua watu wanne, au watatu na Wakili. Kulia yuko Mama Birika na jiko lake la kahawa, kushoto liko sanduku langu la viatu, na ng'ambo ya barabara unaliona lile geti la kijani. Wakili hajasomea sheria hata nusu saa, ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mbuzi, na kesi akaishinda mbuzi. Kipimo ni fundi cherehani, utepe wa kupimia hautoki shingoni hata akienda kuzika. Mimi wananiita Gundi kwa sababu ya kazi, ingawa mke wangu anasema ni kwa sababu nikikaa hapa sibanduki.

Nyuma ya geti lile wanakaa mume na mke, walimu. Wametoka nchi ya mbali kuja kufundisha sekondari ya hapo juu, mume hesabu, mke biolojia. Wiki yao ya kwanza walivuka barabara, wakanisalimu vizuri, wakauliza kama wanaweza kukaa hapa na watu, kunywa kahawa na kujifunza maongezi. Mimi shule niliishia darasa la sita. Nilipomwona mtu na tai yake anataka kukaa karibu yangu aongee, niliingiwa na aibu, nikaona ataniuliza kitu na nitashindwa. Nikamwambia benchi limejaa.

Ndugu yangu, benchi lilikuwa tupu. Nilikuwa peke yangu, tena nimekaa kwenye kigoda. Mume akatazama benchi tupu, akanitazama mimi, akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akauliza, je, kuna utaratibu? Nikachukua kile kipande cha boksi ninachompa mteja akiacha kiatu, kilichokuwa juu kina namba arobaini na moja, nikampa. Nikasema, mtaitwa. Wakakipokea kwa mikono miwili, wote wawili.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa kumi kamili jioni, geti linafunguka. Wanatoka na viti viwili vya mezani, wanaviegemeza ukutani, wanakaa. Mume na tai, mke na mkoba mapajani. Hawali, hawanywi, hawazungumzi. Wanatutazama. Saa kumi na moja wanaangalia saa, wanabeba viti vyao, wanaingia. Mvua ikinyesha wanafungua mwavuli.

Hakuna aliyejua sababu isipokuwa mimi na Mungu, na Mungu alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Sasa Jumamosi iliyopita mambo yakachemka. Wakili ndiye aliyeanza, anapuliza kahawa yake.

— Leo hao wametimiza Jumamosi ya mia. Nimewahesabia.

— Wewe? Kipimo akacheka. Juzi umeshindwa kuhesabu watoto wako mwenyewe.

— Watoto wangu wanatembea. Hawa wamekaa. Aliyekaa huhesabika.

— Mimi nasema wamenuniana, akasema Mama Birika. Mke kapika, mume hakusifu. Basi.

— Miaka miwili, mama?

— Wewe hujaoa mpishi, ndiyo maana unashangaa.

Kipimo akavuta utepe wake, akasogea mbele kama mwenye siri.

— Sikilizeni. Wanatupima. Nimemwona mume amefumba jicho moja, hivi. Mimi ni fundi, namjua mtu anayepima bila utepe. Anachukua urefu wa benchi, upana wa benchi, na sisi juu yake.

— Atushonee nini?

— Hashoni. Anatusafirisha. Kwao kuna majumba ya kuhifadhi vitu vya watu. Vinawekwa nyuma ya kioo, na wenyeji wanapanga mstari kuangalia. Benchi litakwenda zima na watu wake.

Mama Birika akaacha kumimina.

— Na mimi?

— Wewe ni sehemu ya benchi, mama. Bila wewe litakuwa mlango tu.

— Mkaa watanipa wao?

— Watakupa wa plastiki.

— Sasa kahawa itachemka vipi?

— Haitachemka. Itaonekana kama imechemka.

Mama Birika akalifunika birika kwa kitambaa, kama mtu anayeficha mtoto ili mgeni asimtie jicho.

Mimi muda wote huo nilikuwa na misumari minne mdomoni. Kazi hii ina neema moja, mwenye misumari mdomoni haulizwi kitu. Lakini nikuambie ukweli, kiatu nilichokuwa nimekishika kilikuwa cha kupaka rangi tu.

— Jumba ni jambo dogo, akasema Wakili. Mnafikiri kidogo. Wanatutungia mtihani. Mume si wa hesabu? Atawaandikia wanafunzi: watu wanne wamekaa kwenye benchi, mmoja akinyanyuka, watabaki wangapi?

— Watatu, akajibu Kipimo.

— Umeona! Ndivyo wanavyotaka ujibu! Na huyo aliyenyanyuka amekwenda wapi? Nani amemnyanyua? Mtihani hausemi. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sasa simba aliyekaa kabisa, na kiti chake, na mwavuli, huyo atakula nini?

— Mwavuli, akasema Mama Birika.

— Atakula mtaa, mama. Mtaa mzima. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

— Mti umeingiaje hapo?

— Kiti si mti?

Wakili akaona ameshinda. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa barua. Nilipoiona, misumari ilianza kunichoma ulimi. Mwenye nyumba ya geti la kijani ni shemeji yake Wakili, na hakuna jambo analoamua bila yeye. Wakili akisema mpangaji ana kasoro, mpangaji anafunga virago. Akatusomea kwa sauti ya mahakamani:

— "Kwako shemeji. Sisi watu wa benchi tunatazamwa. Tumevumilia mara mia. Hatujui tunatazamwa kwa nia gani, na usilolijua ni usiku wa giza, hata kama ni saa kumi jioni. Tunaomba wapangaji wako wahame kabla mwezi haujaisha, wakatazame kwingine."

Chini yake Wakili alikuwa ameshatia sahihi. Kipimo akatia yake. Mama Birika alisema mkono wake una majivu, akabonyeza kitako cha kikombe, ikatoka duara ya kahawa.

— Bado wewe, Gundi, akasema Wakili. Benchi ni lako. Bila sahihi yako hii ni karatasi ya kufungia vitu.

Nikamwonyesha misumari.

— Sahihi inatiwa kwa mkono, haitiwi kwa mdomo.

Ungeniona, ndugu yangu, ungenihurumia, ingawa sistahili. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno lile lingewafanya wenzangu wajue kwamba benchi tunalojivunia kuwa la kila mtu, mwenye benchi alilifunga. Nikaishika barua, nikaigeuza huku na huku kama ngozi ninayoikagua.

Ndipo yule mwalimu mke akanyanyuka kwenye kiti chake.

Jumamosi mia hakuwahi kunyanyuka kabla ya saa kumi na moja. Akatazama barabara kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, na barabara haikuwa na hata baiskeli. Akavuka. Kipimo akaanza kuvuta tumbo ndani, nadhani asipimwe vibaya.

— Habari za jioni, ndugu zangu. Samahani sana kwa kuwakatiza.

Kiswahili chake kimenyooka kama suruali iliyotoka kwa Kipimo. Akafungua mkoba, akatoa kitu kinachoning'inia kwenye utepe mwekundu. Kilikuwa kile kipande changu cha boksi. Mwandiko wangu mimi, ile nne yangu iliyopinda. Amekipitisha kwenye mashine ya shuleni, kikafunikwa plastiki pande zote kisilowe.

— Sisi tuna namba arobaini na moja, akasema. Mume wangu anaona si adabu kuuliza. Lakini mimi napenda tujue, ili tujipange. Mmefika namba ngapi?

Wakili alifungua kinywa, kikabaki wazi. Kipimo akautazama utepe wake kama kwamba namba imeandikwa humo. Mama Birika akatazama ndani ya birika. Mimi nilimeza mate, na nashukuru Mungu kwamba nilimeza mate tu.

— Mama mwalimu, Wakili akasema mwishowe, suala hilo linashughulikiwa.

— Asante sana. Hakuna haraka. Akageuka kwenda, kisha akarudi hatua moja. Na mume wangu alitaka kujua, mtu akiitwa, anakuja na kiti chake, au anakikuta?

Akatabasamu, akainamisha kichwa, akavuka kwa utaratibu ule ule, kulia, kushoto, kulia. Mume akamtazama kwa hamu. Mke akapandisha mabega. Mume akatikisa kichwa kama anayesema, si nilikwambia. Wakaendelea kukaa.

Ungedhani hapo wenzangu wataona haya. Thubutu!

— Mmesikia? Wakili akanong'ona. Arobaini na moja! Kumbe wako wengine arobaini!

— Wako wapi?

— Ndiyo hatari yenyewe. Hawaonekani.

Kipimo yeye alikuwa amebadilika rangi.

— Jamani, mimi nakaa hapa mwaka wa tisa huu. Sijawahi kupewa namba.

— Hata mimi, akasema Mama Birika.

— Basi tumekaa kinyume cha utaratibu, akasema Kipimo. Akanyanyuka kwenye benchi taratibu, akajipangusa nyuma, akasimama kando. Wakili naye akanyanyuka, kwa heshima ya sheria. Benchi likabaki tupu, tundu lake la kitasa linatutazama, vile vile kama siku ile niliyosema limejaa.

— Kahawa imekwisha, akasema Mama Birika.

Haikuwa imekwisha. Nilisikia inacheza ndani alipolibeba birika. Lakini hakuna aliyembishia, kila mtu akashika njia yake. Wakili peke yake alinigeukia.

— Gundi, tia sahihi. Jumamosi ijayo saa kumi naichukua, usiku huo huo inafika kwa shemeji.

Basi, ndugu yangu, Jumamosi ijayo ndiyo leo. Wiki nzima nimekuwa na barua ile ndani ya sanduku, na wiki nzima sikupata usingizi wa kueleweka. Nimeomba nipewe ujasiri, nikapewa wewe, mtu nisiyemjua, mwenye kiatu kimoja, asiyeweza kuondoka nikiwa katikati ya kusema. Nimeanza na wewe ili ulimi uzoee. Wenzangu nao nitawaambia leo hii hii, wanicheke wanavyotaka. Nimestahili.

Kiatu chako kiko tayari, vaa. Ukisikia kitu laini chini ya unyayo usishtuke, ni ile barua. Soli yako ya ndani ilikuwa imekwisha, nikaona karatasi ile ni nzito na imeandikwa upande mmoja tu. Nimeikata vizuri ikaenea. Ile duara ya kahawa imeangukia kisiginoni.

Unamwona yule anayekuja kwenye kona, koti limefungwa vifungo vyote? Huyo ndiye Wakili. Na geti hilo linafunguka. Tazama, tai ile ile, viti vile vile. Mimi navuka sasa hivi. Nitaita namba kwanza, kwa sauti, kwa sababu wameingojea na ni haki yao waisikie ikiitwa. Kosa langu nitawaambia wakishakaa, kahawa ikiwa mkononi, maana mtu hapewi habari kama ile akiwa amesimama.

Kwako nina ombi moja tu. Sogea kidogo, ndugu yangu. Sogea mpaka kwenye tundu la kitasa, halina madhara, ili hapo mwisho wakae wawili.