Bendera ya Saba

Fundi cherehani alikuwa amepakata mfuko wa bendera, amefumba macho kama anayesinzia, lakini masikio yote yalikuwa kwa abiria wawili waliokaa mbele yake kwenye treni ya kwenda mjini.

"Jumuiya haivunjiki, mama," alisema karani wa wizara, tai imemkaba shingo. "Nchi zote saba zinakutana kesho. Mpaka utafunguliwa."

"Miezi mitatu mnakutana tu!" muuza maziwa alimkatiza. "Binti yangu kaolewa ng'ambo ya daraja. Kajifungua, na mjukuu wangu simjui hata sura. Hao jirani zetu wanakuja au hawaji?"

"Wanakuja. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime..."

"Jembe nimelishika mpaka mikono imeota sugu, mwanangu. Kapu nitalishika lini?"

Bendera saba fundi alikuwa amezishona kwa mkono wake. Alfajiri wizara ikampigia simu: alete sita, ile ya ng'ambo aiache nyumbani, na mdomo aufunge. Karani wa watu, wakubwa wake hawakumwambia.

Treni ikapunguza mwendo. Muuza maziwa aliona pindo likichungulia mfukoni.

"Dada, si bendera za mkutano hizo? Hebu nionyeshe ya kwao, moyo utulie."

"Mwonyeshe, dada," karani akadakia kwa furaha, "mama aamini."

Treni ikasimama. Fundi akaukumbatia mfuko wake, akawa wa kwanza kushuka, na hakumuaga mtu.